Kuficha Bunduki Si Kuifungia: Mwongozo wa Kumiliki na Kutunza Silaha Nyumbani

Baba yangu alikuwa na bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Kibali alikuwa nacho, na aliitumia kuwafukuza nguruwe pori waliokuwa wakifukua mihogo yetu kule Kilosa. Aliihifadhi chumbani kwake nyuma ya sanduku la nguo, imeviringishwa ndani ya gunia. Risasi zilikaa juu ya kabati kwenye kopo la Kimbo. Alikuwa mtu makini, na alifariki akiamini kwamba sisi wanawe hatukujua vitu hivyo viko wapi. Mimi nilijua nikiwa na miaka saba. Kaka yangu alijua kabla yangu. Siku moja wazazi wakiwa shambani tuliitoa, tukawa tunapokezana, kila mmoja akimlenga mwenzake na kupiga "pa!" kwa mdomo. Kisha tukairudisha kwenye gunia na kulikunja vile vile tulivyolikuta.

Hakuna aliyeumia siku ile. Lakini tangu niwe na watoto wangu, kumbukumbu hiyo hainipi raha, na ndiyo sababu naandika mwongozo huu. Nimeuandika kwa kufuata mazingira ya Tanzania, ingawa mengi yaliyomo yanamhusu mwenye silaha popote alipo.

Kwanza: unaihitaji kweli?

Jiulize kabla hujajaza fomu. Bunduki inaingia nyumbani kwa ajili ya hatari moja unayoifikiria, labda majambazi wa dukani au wanyama wa shambani. Ikishaingia, inakaa humo saa 24 pamoja na watoto, wageni, dada wa kazi, mafundi, hasira za ndoa na siku mbaya za maisha. Hatari ya kwanza huja mara chache. Hawa wengine unaishi nao.

Kama tatizo ni wezi, anza na taa za nje, nondo za madirisha, mlango wa chuma, mbwa, na uhusiano mzuri na majirani na kikundi cha ulinzi shirikishi. Ukiona hayo hayatoshi, weka kwenye bajeti gharama ya sefu kabla ya gharama ya silaha. Mtu asiyeweza kununua au kuchomelesha kasha la chuma hajawa tayari kumiliki bunduki, hata kama fedha ya bunduki anayo.

Upande wa sheria

Sheria inayotumika Tanzania ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi ya kibali huanzia chini, kwenye serikali ya mtaa au kijiji ambako watu wanakufahamu tabia, yakapanda polisi wilaya na mkoa hadi kwa msajili wa silaha. Usitafute njia ya mkato. Wanaokujadili huko chini ndio wanaojua kama unakunywa pombe kupita kiasi au kama mkeo amewahi kukimbilia kwa balozi usiku.

Kibali ni cha mtu mmoja na silaha moja yenye namba yake. Hakiazimishwi kwa kaka, mlinzi wa shamba wala dereva. Silaha ya kulinda mazao haikupi ruhusa ya kuwinda pia. Uwindaji una kibali chake. Nakili namba ya silaha yako na ya kibali, uziweke mahali tofauti na silaha yenyewe. Mwaka 2016, polisi walipofanya uhakiki wa silaha za raia nchi nzima, mwenye silaha alitakiwa aifikishe pamoja na nyaraka zake. Nyaraka zilizoliwa na mchwa hazimsaidii mtu siku kama hiyo.

Kanuni nne ambazo haziachi nafasi ya kusahau

Kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi, hata kama umeitoa risasi sasa hivi kwa mkono wako. Mdomo wa bunduki usielekee kamwe kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga, yaani kifyatulio, kimelala ubavuni mwa silaha, mpaka uwe umeamua kupiga. Na ujue unacholenga na kilicho nyuma yake. Hii ya mwisho hupuuzwa sana kwetu. Ukuta wa tofali za udongo, mlango wa mbao na bati havizuii risasi. Ukimkosa mwizi sebuleni, unaweza kumpata mtoto wa jirani kitandani.

Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna harusi, mwaka mpya wala ushindi wa timu unaohalalisha kupiga risasi hewani. Ile risasi itashuka kwa mtu.

Kutoa risasi: mpangilio ndio kila kitu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wazima, tena wazoefu, hukosea.

Simama mahali pasipo na watu, mdomo wa bunduki ukielekea upande salama. Nyumbani kwangu ni ndoo kubwa iliyojaa mchanga, iliyokaa sakafuni kwenye pembe ya chumba. Zima redio. Usiifanye kazi hii ukiwa unaongea na simu.

Kwa bastola:

1. Kidole nje ya triga, kitufe cha usalama kikiwa kimefungwa kama silaha yako inacho.
2. Chomoa magazini kwanza, yaani kile kibweta cha risasi, uiweke mbali na mkono.
3. Vuta nyuma slaidi, yaani kile chuma cha juu, kwa nguvu, mara mbili au tatu. Risasi iliyokuwa kwenye chemba, pale inapokaa tayari kupigwa, itaruka nje. Iache ianguke, usijaribu kuidaka.
4. Izuie slaidi ikiwa nyuma, angalia ndani ya chemba kwenye mwanga, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha pako patupu.
5. Angalia tena.

Ukigeuza hatua ya pili na ya tatu, umejitengenezea ajali. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi ya kwanza inaruka na ya pili inapanda kwenye chemba papo hapo. Kisha unachomoa magazini, unaiona mkononi, moyo unatulia, na bastola bado ina risasi moja. Kosa la namna hiyo ndilo linalozaa ile kauli tunayoisikia kila mara baada ya msiba: "Nilijua haina kitu."

Bunduki ya kukunjwa katikati ni rahisi kuikagua: ikunje, toa risasi, tazama mwanga upite kwenye kila mtutu. Ya kukokiwa kwa kuvuta mkono wa mbele inadanganya zaidi, kwa sababu risasi zimejipanga kwenye bomba lililo chini ya mtutu na hazionekani kwa juu. Zitoe zote, kisha papasa mlango wa bomba kwa kidole, halafu chemba. Raifo ya komeo ifungue, utoe zilizomo, na uihifadhi huku ukiwa na hakika ya chemba kwa jicho na kidole.

Gobore ni jambo jingine. Baruti na vipande vya chuma vimeshindiliwa mtutuni kutoka mbele, na hakuna njia ya haraka ya kuvitoa. Ukiondoa fataki inayowasha baruti umepunguza hatari, hujaimaliza. Usijaribu kulipakua gobore la zamani kwa kuchokonoa au kwa moto. Wakabidhi polisi kazi hiyo.

Baba alipofariki tulimwita askari kutoka kituoni aichukue ile bunduki. Aliipokea ikiwa ndani ya gunia, akaikunja mbele yetu kwenye meza tuliyokuwa tukilia ugali. Ndani kulikuwa na risasi nzima, ganda lake jekundu limeanza kupauka. Hatujui ilikaa humo kwa muda gani.

Kasha la chuma

Duka la vifaa vya ofisi litakuuzia sefu la kiwandani, na kwa bastola hilo linafaa sana. Bunduki ndefu mara nyingi inakulazimu kwenda kwa fundi wa kuchomelea. Mweleze hivi: bati la chuma la milimita 3 au zaidi, si lile jembamba la kutengenezea makabati ya nguo. Bawaba zikae ndani ili mtu asizikate kwa msumeno. Mlango uingie ndani ya fremu kiasi kwamba mtaimbo haupati pa kushika. Kama utatumia kufuli la kuning'inia, achomelee boksi dogo la chuma kulizunguka ili koleo kubwa la kukatia lisilifikie. Afadhali zaidi ni kitasa cha ndani chenye komeo mbili, juu na chini. Na ukubwa: lipime kwa fimbo yenye urefu wa bunduki yako, hakuna haja ya kuipeleka silaha gereji.

Sefu lisilofungwa ukutani ni sanduku la kumrahisishia mwizi mzigo. Toboa matundu manne, mawili nyuma na mawili chini, ukaze kwa bolti za kutanuka kwenye zege au tofali za saruji, vichwa vya bolti vikiwa ndani ya kasha. Nyumba za tofali za udongo haziwezi kushika bolti. Huko chimba sakafu kwenye pembe ya chumba, mwaga zege la unene wa shubiri moja, na uzamishe bolti kabla halijakauka. Kazi hii ni ya siku moja, na fundi asijue inahusu nini. Mwambie ni kasha la hati za shamba.

Risasi zina kasha lake, kufuli lake na ufunguo wake. Anayefanikiwa kufungua moja awe bado hajapata kitu cha kumdhuru mtu. Sanduku dogo la chuma lililofungwa kwenye chumba kingine linatosha. Zitunze kwenye boksi zake za asili, mbali na jiko, na uandike idadi. Kila mwezi zihesabu. Risasi moja ikipungua na huna maelezo, una tatizo la kushughulikia siku hiyo hiyo.

Kama bado unasubiri kasha, tumia waya wa chuma wenye kufuli unaopitishwa ndani ya silaha yenyewe, kwenye chemba na njia ya magazini, ili isiweze kufunga wala kupakiwa. Lipo pia kufuli linalobana triga, ila hilo usilifunge kwenye silaha yenye risasi hata siku moja, maana kulifunga au kulifungua kunaweza kuigusa triga. Vifaa hivi ni vya kusubiria na vya kuongezea. Mwizi ataondoka na bunduki yako na waya wake.

Ukiishi Tanga, Mtwara, Mombasa au Unguja, kuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Usiiweke silaha ndani ya ala ya ngozi au kitambaa kwa muda mrefu, kwa sababu hunyonya unyevu na kutu huanza upande usiouona. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha, na uweke vile vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kasha. Kabla ya kusafisha, rudia hatua zote za kutoa risasi, na risasi zisiwe chumba hicho.

Ufunguo ndio bunduki

Nimeona watu wenye masefu mazuri ambao ufunguo wao unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Basi sefu hilo ni pambo. Ufunguo ukae mwilini mwako mchana na mahali pa kufungika usiku. Kama ni namba, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, namba ya gari, wala ile unayofungulia simu ambayo mwanao wa miaka mitano ameshaikariri. Jaribu kufungua sefu la betri kila mwezi, na ufunguo wake wa akiba usiuweke ndani ya sefu hilo hilo. Hilo la mwisho hutokea zaidi ya unavyodhani.

Mwenza wako ajue kwamba silaha ipo, iko wapi na nyaraka ziko wapi. Ufunguo ubaki na mwenye kibali. Wengine wote, hata rafiki wa kilabuni, hawana sababu ya kujua. Silaha ikishajulikana mtaani, majambazi watakuja kuifuata yenyewe.

"Na mwizi akija usiku wa manane?"

Kila ninapozungumzia kufungia, swali hili hufuata, na ni swali la haki. Jibu langu: sefu dogo la bastola, lililofungwa kwa bolti kando ya kitanda, lenye vitufe vya kubonyeza gizani, hufunguka kwa sekunde chache ukiwa umezoea. Fanya mazoezi na bastola tupu mpaka vidole vikariri. Muda wa kufungua utaupata kwa mlango wa chuma unaochelewesha, mbwa anayebweka mapema na taa inayowaka nje. Mwenye kulaza bastola chini ya mto amejipunguzia sekunde tano, lakini ameilaza karibu na mkono wa mtoto anayepanda kitandani alfajiri, na karibu na mkono wake mwenyewe akiwa bado kwenye usingizi. Waume wamewahi kuwapiga wake zao waliokuwa wanarudi kutoka chooni.

Na hatua ya kwanza usiku huo ni kuwakusanya watoto chumba kimoja, kufunga mlango, kupiga 112 na kuwaamsha majirani kwa kelele. Mali iende.

Watoto

Wafundishe maneno machache wayakariri: usiguse, ondoka, mwite mtu mzima. Wafundishe pia wasibaki na mwenzao anayechezea. Lakini usiegemee hapo. Mwaka 2001 madaktari wa watoto wa Atlanta, Marekani, walichapisha utafiti walioufanya kwa wavulana wa miaka 8 hadi 12. Waliwaacha katika makundi madogo kwa dakika 15 kwenye chumba chenye bastola halisi, isiyo na risasi, iliyofichwa ndani ya droo. Makundi yalikuwa 29. Makundi 21 yaliikuta. Katika 16, watoto waliishika, na katika 10 kuna aliyevuta triga. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya walioishika au kuvuta triga walisema walikwisha kufundishwa usalama wa silaha. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika kama ni ya kweli.

Nikisoma takwimu hizo namwona kaka yangu akilikunja lile gunia. Hatukuwa watoto watundu kupindukia. Tulikuwa watoto.

Mwanao akienda kulala kwa binamu zake, uliza. Kwetu swali hilo ni zito, linaweza kuonekana kama unamtuhumu mwenyeji, kwa hiyo jitaje mwenyewe kwanza: "Shemeji, mimi nyumbani nina silaha na naifungia kwenye sefu, watoto hawaifikii. Na kwako ikoje?" Hakuna shemeji mwema atakayechukia.

Siku ambazo bunduki isilale nyumbani

Hili ndilo gumu kulisema na ndilo linalookoa watu wengi. Mtu akifiwa na kuvunjika moyo, akifilisika, akianza kusema hana sababu ya kuishi, akizama kwenye pombe, au ndoa ikifika mahali pa vitisho, silaha iondoke. Wazo la kujiua mara nyingi huja kama wimbi, linapanda na kushuka. Bunduki iliyo karibu haimpi mtu muda wa kulisubiri lishuke. Iombe ofisi ya polisi wilaya iihifadhi, upewe maandishi ya kupokelewa. Kama mwenye matatizo ni wewe, mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize. Kama ni mumeo au kaka yako, usiende kuichukua kwa nguvu. Shirikisha wazee wa familia na polisi.

Pombe na silaha havikutani. Ukienda baa, iache kwenye sefu. Ukiwa safarini nayo, iwe tupu, risasi kando, nyaraka mkononi, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa, hata chini ya kiti.

Yakitokea

Mtu akipigwa risasi, weka silaha chini mahali salama, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote na usiachie kuchungulia. Mmoja ampeleke majeruhi hospitali wakati huo huo mwingine anakimbilia kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Fomu isimcheleweshe anayevuja damu.

Silaha ikiibwa au kupotea, toa taarifa polisi mara moja, na ile nakala ya namba. Usisubiri uitafute kimya kimya kwa wiki nzima kwa kuona aibu.

Mwenye silaha akifariki, bunduki hairithiwi kama shamba. Kibali chake kimekwisha naye. Wafiwa waiache ilipo, wafunge chumba, watoe taarifa kituoni ili ichukuliwe. Anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe tangu mwanzo. Vivyo hivyo ukikuta gobore la babu darini wakati wa kuezua nyumba ya zamani: usilishushe, usiwaite vijana walione, usilipige picha na kulituma kwenye kundi la familia. Piga simu kituoni. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha zinazomilikiwa isivyo halali bila kushtakiwa. Sikiliza tangazo la polisi wa eneo lako linasema zikabidhiwe wapi, kama ni kituoni au ofisi ya mtendaji, kisha mwombe mwenyekiti wa kijiji awe shahidi wako wakati wa kulikabidhi.